Usisome pale unapoonewa tu

Haya niliyaongea jumamosi jioni mbele ya vijana wa kikundi cha kusoma hapa Dodoma. Kuna aliyerekodi na simu akanitumia sauti, nimeandika karibu kama ilivyotoka, nimetoa tu pale nilipokohoa na pale muuza kahawa alipopita akatugombanisha.

Mbukwenyi!

Naona wengine mnatazamana. Mmehamia makao makuu mwaka wa ngapi huu na hata kuitikia hamjajua? Haya tena, mbukwenyi! Ndo hivo, asanteni.

Kwanza niseme mi sio mtaalamu. Mi nauza vitabu vya mitumba Sabasaba, turubai chini vitabu juu, jua likizidi tunahamia kivuli cha upande wa pili. Mwenyekiti wenu alivokuja kuniambia mzee njoo utupe orodha ya vitabu na vitu vya kusikiliza kuhusu ubaguzi wa rangi na jamii na mambo ya dunia, nikamwambia mdogo wangu umekosea mlango, wasomi wako kule UDOM juu mlimani, akasema wale tunawasikia kila siku, tunataka mtu anayevishika. Sasa kuvishika navishika, tena kwa kilo.

Niwaambie nilivyoanza manake ndo kitu chenyewe nilichokuja nacho. Shuleni nilisoma vya mtihani tu. Kusoma kwenyewe nimeanzia Kibaigwa. Nilikuwa utingo kwenye fuso tunapeleka mahindi Dar, gari likasimama, nikanunua karanga za kukaanga kwenye kile kikaratasi cha kukunja kama pembe. Zikaisha kabla ya Gairo. Nikakikunjua kikaratasi nilambe chumvi, nakuta ni ukurasa wa kitabu, una mafuta mpaka herufi za upande wa pili zinaonekana. Kuna wanaume wanatembea porini wana mapanga, katikati yao kuna mtoto kabeba mtungi wa pombe kichwani, anadhani anarudishwa kwao, anamuwaza mama yake, sijui bado yuko hai sijui kafa. Mmoja wa wale waliokuwa nyuma yake akasafisha koo. Mtoto akageuka kuangalia. Ukurasa ukaisha hapo.

Jamani. Nilikaa na ile karatasi mfukoni mpaka ikachanika mikunjo yote. Dereva wangu akawa ananitania, we unasoma risiti ya karanga. Ikapita kama miaka miwili ndo nikakikuta kitabu kizima kwa mzee mmoja Majengo, kumbe kinaitwa Shujaa Okonkwo, ni kile cha Chinua Achebe wa Nigeria, Clement Ndulute ndo aliyekitia Kiswahili. Nikakisoma nimesimama pale pale. Yule mtoto anaitwa Ikemefuna na anauawa, na anayemmaliza ni Okonkwo, mtu aliyekuwa anamwita baba, anampiga panga kwa sababu anaogopa wenzake watamuona dhaifu. Na wazungu kwenye hicho kitabu hapo bado hawajafika. Bado kabisa. Watafika mbele, na wakifika watabomoa kila kitu na utalia, lakini Achebe hakutaka ulie kwa raha, kwanza amekuonyesha yule mtoto na mtungi kichwani.

Sasa shikilia hapo.

Mwaka 2020, baada ya yule polisi wa Minneapolis kumkandamiza George Floyd shingoni kwa goti zaidi ya dakika tisa mpaka akafa, na dunia nzima ikaona kwenye simu, wateja wangu walibadilika. Vijana waliokuwa wanaulizia past papers wakawa wanaulizia Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani. Mi nikafurahi, biashara ni biashara. Akaja mmoja nadhifu sana, fulana yake ina maandishi ya kiingereza kuhusu maisha ya mtu mweusi, tukapatana elfu nane kitabu cha maisha ya Malcolm X alichokiandika na Alex Haley. Nahesabu chenji akapita mama mmoja na kapu lake la mlenda mkavu, kavaa kawaida ya kijijini, kachoka na jua, akatusalimia. Yule kijana akasogeza mguu kama mtu anayekwepa tope, akaniambia kwa sauti ya kirafiki kabisa, hawa Wagogo bwana, kuomba kuko kwenye damu.

Mama hakuomba. Alikuwa anauza mlenda. Na mi niliyeshika chenji yake ni Mgogo wa Mvumi.

Sikumjibu. Nilimpa buku mbili zake akaenda na Malcolm wake kwapani, na mpaka leo najiuliza alikisoma au alikiweka kwenye picha. Kwa hiyo wadogo zangu orodha ninayo na nitawapa, ila kwangu orodha ni kisingizio. Nilichokuja kusema ni kwamba wote tunapenda kusoma pale ambapo sisi ndo tumeonewa. Mi mwenyewe napenda, inatia hasira fulani tamu hivi, unafunga kitabu unajiona msafi. Ukichukua viwili vya namna hiyo kwenye turubai langu nitakulazimisha uchukue na kimoja kinachokusema wewe. Kama hutaki kakinunue kwingine.

Tuanzie nyumbani. Mathias Mnyampala mnamjua? Ngonjera mnazijua, mmeziimba mbele ya mkuu wa wilaya mmepauka vumbi mpaka kope, lakini mwenye ngonjera hamumjui. Ni wa huku huku Dodoma, kazaliwa 1917 kafariki 1969, na mwaka 1954 alitoa kitabu kinaitwa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kukipata ni kazi, mi nimekiona mara mbili maishani, moja niliuza kwa ujinga kwa mtafiti mzungu aliyenipa bei nikashindwa kukataa, hilo nalo liingizeni kwenye mambo ya dunia. Lakini ukikikuta maktaba, kaa nacho. Huyo ni Mgogo anawaandika Wagogo kwa Kiswahili wakati mkoloni bado yupo, hasubiri mtu aje amweleze yeye ni nani.

Na ukiwa na bibi au babu aliyebaki, muulize Mtunya. Mtunya ndo jina walilolipa wazee wetu njaa ya mwaka 1917 kwenda 1920. Vita ya kwanza ya dunia imepita juu ya migongo yetu, Wajerumani wamechukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, wakaondoka, wakaja Waingereza nao wakachukua, halafu mvua ikakataa. Watu walikufa maelfu kwa maelfu. Huku mvua huwa inakataa, hilo wazee walilizoea, walikuwa na maghala na walikuwa na ng'ombe wa kwenda kubadilisha na nafaka kwa jirani. Sasa ghala limefagiliwa na ng'ombe wameliwa na jeshi, mvua ikikataa mwaka huo unashika nini?

Mi nilisoma darasa la tano na la sita Dar kwa baba mdogo. Jina langu shuleni lilikuwa Ombaomba. Siku moja mwalimu akaita mahudhurio, alipofika kwangu akasoma Ombaomba, darasa zima likacheka, na mi nikacheka, hiyo ndo inayoniuma mpaka leo, kwamba nilicheka. Kama kuna mtu angenipa habari ya Mtunya siku ile nisingecheka. Ningekuwa bado maskini, lakini nisingecheka.

Ndo nakuja kwa Walter Rodney, na huyu nitakaa naye kidogo. Alikuwa Mguyana, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa kilitoka 1972, London na hapa kwetu Dar kupitia Tanzania Publishing House. Alikuwa na miaka 30. Nyie wa miaka 30 hapa mna nini? Haya, natania. Kiingereza chake hakitishi kama mnavyodhani, anaeleza kama mtu anayetaka umuelewe. Watu wanafupisha wanasema Rodney kasema wazungu walituibia, basi. Hapana, hoja yake ni kali kuliko hiyo. Anasema usidhani Ulaya ni mtu aliyeamka mapema akatutangulia njiani na sisi tumelala tutamfikia tukikimbia. Kuendelea kwake na kudumaa kwetu ni jambo moja, kamba moja ina ncha mbili, upande huu ukivutwa upande ule unapungua.

Mfano mzuri kwetu ni reli. Reli ya kati ilifika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Chukua ramani uiangalie inavyokwenda. Inatoka bandarini inapenya ndani kama mrija kwenye soda. Rodney ndo anasema hivyo kuhusu reli na barabara za wakoloni, kwamba zimechorwa kuelekea baharini, za kutolea mali, hazikuchorwa ili watu wa huku wafanye biashara na watu wa kule. Nikisikia SGR inapiga honi pale Ihumwa huwa namkumbuka, nasema mzee sasa hii nayo tuiangalie inabeba nini kwenda wapi. Nina ugomvi naye mdogo tu, wauzaji watumwa wa kwetu wenyewe anawataja lakini hakai nao sana, ana haraka ya kwenda Ulaya. Mwaka 1980 tarehe 13 Juni walimuua kwa bomu Georgetown, alikuwa na miaka 38.

Na ukitaka kumuelewa Rodney bila kusoma hata ukurasa panda hiace uende Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza imetoka vitani, haina mafuta ya kupikia, ikaamua italima karanga Tanganyika, mamilioni ya ekari, na Kongwa ndo ikawa mwanzo. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita, sio utani, vifaru, wakaenda kupigana na mibuyu. Mibuyu ikashinda. Udongo wa kule una mfinyanzi, kiangazi ukija unakauka kama saruji, karanga iko chini jembe haliingii. Na mvua, mvua ya Kongwa Mgogo yeyote angewaambia kwa bei ya kikombe cha chai. Wakafunga mradi 1951, wametupa pauni kama milioni 36. Alan Wood, aliyekuwa ofisa habari wa mradi wenyewe kabla hajaacha kazi, aliandika kitabu mwaka 1950 kinaitwa The Groundnut Affair, ukikipata kisome, kinachekesha na kinatia uchungu, unaona watu wenye akili sana na elimu kubwa wameamua jambo kwa sababu hawakufikiria kwamba anayeishi pale anaweza kuwa anajua kitu. Hapo ubaguzi haukutukana mtu. Haukumuuliza tu.

Alafu kitu cha ajabu, kuanzia 1964 hapo hapo Kongwa ndo pakawa kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe, wote walipita. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, kakaa Kongwa. Watoto wetu wanajua jina la Mandela hawajui kwamba vijana wa chama chake waliota moto kwenye baridi ya Kongwa. Lakini hata hapo kanuni yangu inabaki, usisome ile ya mashujaa tu. Christian Williams ameandika juu ya kambi za SWAPO ikiwemo Kongwa, na humo kuna manung'uniko, kuna waliohoji viongozi wakaishia kufungwa. Ukombozi ulikuwa wa kweli na yale nayo yalikuwa ya kweli.

Shaaban Robert nampitia haraka manake mnamjua, ila mnachosahau ni kwamba alifanya kazi Mpwapwa kwenye idara ya mifugo miaka ya arobaini. Soma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, anasimulia jinsi rangi yake ilivyomsumbua safarini alipohamishwa kikazi, na anavyosimulia ni kwa upole mpaka unataka kumtikisa mabega, mzee kasirika basi. Hakasiriki. Mi nimechelewa sana kuelewa kwamba ule upole ndo kasirika yake.

Na Mabepari wa Venisi. Hiki nawauzia elfu tatu na bado hamkitaki. Ni Mwalimu Nyerere huyo, kaitafsiri 1969, Rais wa nchi anatafsiri Shakespeare usiku, na kichwa chenyewe kwa Kiingereza ni mfanyabiashara yeye akaandika mabepari, uchokozi mtupu. Kuna mwana wa mfalme wa Moroko anakuja kuposa, neno la kwanza kutoka mdomoni ni kuomba asichukiwe kwa rangi yake. Anachagua sanduku la dhahabu, anakosa, anaondoka, na yule binti mzuri tunayempenda kwenye mchezo mzima anasema na wa rangi yake wote wachague hivyo hivyo. Halafu kuna Shailoki, Myahudi, wanamtemea mate miaka yote, na siku akipata nafasi anataka nyama ya mtu kwa mizani. Nani mwema humo? Mi sijui, nimeisoma mara nne.

Kuna dada mmoja hapo mbele kaniuliza kabla hatujaanza, mbona vitabu vyako vyote ni mzungu na mweusi, sisi kwa sisi je. Umeniwahi dada. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, 1999. Zanzibar kabla ya uhuru, binti wa Kihindi anaitwa Yasmin anaozwa kwa mzee anaitwa Raza, anatoroka, anampenda Denge, kijana Mwafrika anayepambana na mkoloni. Hapo unaona rangi inavyopangwa kama vikapu sokoni, huyu hapa huyu pale, na mtu akiruka kapu ndugu zake ndo wanakuwa wa kwanza kumkana. Amil Shivji ameifanyia filamu mwaka 2021. Filamu nzuri, ila kitabu kwanza tafadhali.

Na kile cha kuuma sasa. Abdulrazak Gurnah, wa Zanzibar, alipata tuzo ya Nobel ya fasihi 2021, na riwaya yake moja Ida Hadjivayanis ameitia Kiswahili, inaitwa Peponi, Mkuki na Nyota wameitoa 2022. Mtoto anaitwa Yusuf, baba yake ana deni, mtoto anatolewa kwa tajiri kufidia deni. Anadhani anaenda kutembea kwa mjomba. Mnaona? Ni yule yule mtoto wa kwenye kikaratasi cha karanga. Anaingia na msafara bara, na humo ndani watu wa pwani wanatuongelea sisi wa bara kama vile sio watu. Neno mshenzi mnaloliona ni tusi la kawaida, ukifuatilia lilipotoka utakuta limebebwa na misafara hiyo, mshenzi ni wewe wa bara. Mimi na wewe. Na misafara ilipita hapa Ugogo, watemi wetu wakitoza hongo ya kupita na ya maji, hawakuwa wanafungua minyororo ya mtu, walikuwa wanahesabu vitambaa. Babu zangu hao, siwezi kusema ni babu wa jirani.

Ukiwa na moyo mgumu zaidi tafuta maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, jina lake Hamed bin Muhammed el Murjebi, kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, Mjerumani Heinrich Brode ndo alikuwa nyuma ya kuandikwa kwake, baadaye Whiteley akakitoa na Kiingereza pembeni. Hicho hakina mtu anayemlaani. Ni yeye anasimulia, tukaenda, tukapiga, tukapata pembe kadhaa, tukalala. Kama dereva anayesimulia safari ya Singida. Nimekisoma nikashindwa kula, na nilichoshindwa ni ile sauti, kiswahili kizuri kilichotulia.

Wamarekani sitawanyima. Malcolm X mwenyewe alikuja Dar Oktoba 1964 akaonana na Nyerere, kwa hiyo yule kijana wa fulana alikuwa ananunua kitabu cha mgeni wetu. Lakini nikiambiwa nichague kimoja tu cha kule ni The Bluest Eye ya Toni Morrison, 1970. Kidogo, unamaliza siku mbili, na kinakaa na wewe. Binti mweusi anaitwa Pecola anaomba Mungu kila usiku ampe macho ya bluu, manake kila anayependwa anayemuona ana macho hayo. Mtasema hayo ya Ohio. Binti wa dada yangu alipopata posa hapa hapa Chang'ombe akaanza mkorogo, ndani ya miezi miwili uso wa papai vidole vya mkaa, viungo vya vidole ndo vinagoma kubadilika mnajua. Nikamuuliza mwanangu nani kakwambia wewe mbaya, akanijibu mjomba hakuna aliyeniambia. Nikampa Morrison. Hakumaliza, kiingereza kilimshinda, kwa hiyo nilimsimulia jikoni huku anachambua mchicha, na pale Pecola anapoamini amepata macho aliweka mchicha chini. Mkorogo aliacha baada ya harusi, sijui kama ni kitabu au ni bei.

Na Trevor Noah, Born a Crime, mnaomjua kwa vichekesho. Kiingereza chepesi kuliko vyote nilivyotaja. Mama Mxhosa baba Mswisi, kuzaliwa kwake tu ni kosa kwa sheria ya makaburu. Anzeni na hicho kama mnaogopa kiingereza.

Vya kusikiliza. Wengi mko na simu kuliko vitabu na sina ugomvi.

Bob Marley, War, 1976. Inapigwa kwenye kila bodaboda ya mji huu, bodaboda wangu anaiimba yote kasoro maneno. Yale maneno sio ya Bob, ni hotuba ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, umoja wa mataifa Oktoba 1963, karibu yote, kaichukua akaitia besi. Kwamba mpaka rangi ya ngozi isiwe na maana kuliko rangi ya macho, vita tu. Isikilizeni mkijua ni hotuba, inabadilika kabisa. Na mkumbuke pia aliyeitoa alikuwa mfalme aliyeachia watu wake wakifa njaa Wollo miaka kumi baadaye, viwili vya utamu kimoja cha kuuma, nilisema.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, wimbo wa Kijiti. Huyo ndo aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi, mwanamke mweusi wa kijijini, akaimba mwanamke mjamzito aliyeuawa, muuaji kakimbilia bara, na mahakama ikawafunga mashahidi. Karibu miaka mia na bado unasikia kama taarifa ya habari. Na Hukwe Zawose wetu, mwanamuziki wa Kigogo, marehemu 2003, anapiga ilimba na izeze, vyombo vyetu vya muziki, albamu ya Chibite wametoa Waingereza wa Real World, ina maana dunia inamjua Mgogo kwa huyo, na darasani kwetu Dar walikuwa wananijua kwa bakuli.

Ile ya Mwalimu ya kusema ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu, mnarushiana WhatsApp sekunde arobaini. Tafuteni nzima. Kile kipande kila mtu anamtumia adui yake, ukisikiliza nzima unakuta anaongea na wewe. DW Kiswahili nao wana ile Maoni Mbele ya Meza ya Duara, wanabishana mambo ya dunia kwa lugha yetu, nzuri ukiwa unapiga pasi.

Na la mwisho la kusikiliza, ambalo siwaambii mkalisikilize bali mlijue. RTLM, redio ya Rwanda, ilianza Julai 1993. Ilikuwa redio nzuri, hilo ndo tatizo. Muziki mkali, watangazaji wacheshi, utani wa kijiweni. Wakawaita Watutsi inyenzi, mende, watu wakacheka. Aprili 1994 ikaanza kutaja majina na mahali watu walipojificha. Siku mia moja za mauaji ya kimbari. Kesi yao ilisikilizwa Arusha hapo, mahakama ya umoja wa mataifa, na 2003 waanzilishi wawili wa redio na mwenye gazeti moja wakatiwa hatiani. Mahmood Mamdani ana kitabu juu ya Rwanda, When Victims Become Killers, kichwa chake tu kinatosha kukaa nacho wiki. Mi kila nikisikia mtangazaji anachekesha watu kwa kabila la mtu nakumbuka darasa la sita, nakumbuka kicheko changu.

Muda umekwisha naona mwenyekiti anaangalia saa. Vitabu. Nimekuja na kumi na moja kwenye huo mfuko wa rambo, sikuja kuuza leo, ni vya kuazima, wiki tatu tatu. Andikeni jina na namba kwenye daftari. Shujaa Okonkwo iko moja tu na kurasa mbili hazipo, nimeziandika kwa mkono nikabandika. Mabepari ziko mbili. Rodney nimempa mwenyekiti tayari, mdaini yeye. Tippu Tip sijaileta, ukiitaka njoo Sabasaba tuongee kwanza. Na we dada uliyeuliza swali, Peponi ni yako, imefunikwa na gazeti usilitoe, jalada limechanika.